Kitabu cha Watoto Nilichokichoma

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni Jumanne moja ya kiangazi nilipopewa ufunguo wa stoo ya ofisi na kuambiwa, "Ndinda, ikifika Ijumaa chumba hiki kiwe kitupu."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoka kwetu Makueni, upande wa milima ya Mbooni, nikaajiriwa karani wa mafaili katika ofisi moja ya afya kaskazini mwa Kitui. Ofisi yenyewe sitaitaja. Wengi niliofanya nao kazi wametangulia mbele ya haki, na mimi sikuketi hapa kuwasema wasioweza kujibu. Nimeketi kujisema mwenyewe.

Stoo ile ilikuwa na dirisha moja dogo na rafu za mbao zilizofika darini. Humo mlijaa mafaili, barua zilizofungwa kwa kamba za katani, na vitabu vilivyoletwa kutoka zahanati ndogondogo za vijijini kila vilipojaa. Mchwa walikuwa wameshaanza kula rafu za chini. Na chumba kilitakiwa kwa sababu njema kabisa. Tulikuwa tumeletewa friji za dawa za chanjo, zikakaa verandani zimefunikwa turubai, na surua ilikuwa inaondoka na watoto wa watu. Kwa hiyo usitafute mwizi katika habari hii, mwanangu. Hakuwapo. Kila mtu alitaka chumba kile kwa nia nzuri, hata mimi.

Shida ilikuwa moja tu. Cha kutupa ni kipi, na cha kuweka ni kipi?

Nilimwuliza mkubwa wangu, Bwana Musau. Akanijibu bila kuinua macho, "Chochote kilichozidi miaka kumi, motoni." Nikaridhika. Lakini nyuma ya mlango wa stoo kulikuwa na waraka uliobandikwa, umetoka Nairobi, ukisema kumbukumbu za umma zisiharibiwe kabla ya kukaguliwa, na zile zenye thamani ya kudumu zihifadhiwe. Niliusoma mara nne. Thamani ya kudumu ndiyo ipi? Thamani kwa nani? Waraka haukutoa hata mfano mmoja. Nikaubandua, nikampelekea Bwana Musau. Akausoma wote, akanirudishia.

"Sasa hapo umeambiwa utumie akili."

"Akili gani, Bwana?"

"Ile uliyosomea."

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekuja ofisa wa nyaraka, akatufundisha asubuhi moja, akanywa chai, akaaga akisema, "Msichome kitu mpaka turudi." Hakurudi. Nilipiga simu kwao siku hiyo ya Jumanne. Mtu wa kwanza akasema yule ofisa amehamishwa. Wa pili akasema niandike barua. Niliiandika na kuituma siku hiyohiyo, nikijua kwamba Ijumaa itafika kabla ya jibu. Wahenga husema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema ufanye nini ukishauliza watu watatu wakakupa majibu matatu.

Tarishi wetu aliitwa Mzee Munyoki. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, mgongo unamsumbua, na mchana alishona viatu vya wafanyakazi ili asikae bure. Nikamwuliza na yeye, zaidi kwa kupiga soga kuliko kutaka shauri.

"Waulize wenye navyo," akasema.

"Wenye navyo si serikali, mzee?"

"Na hiyo serikali, vitabu imevipata wapi?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Basi nikatumia akili yangu, ile niliyosomea. Nikakata shauri kwamba karatasi muhimu hujionyesha yenyewe. Kilichopigwa taipu na kugongwa muhuri, chenye jalada safi, nikakiweka. Kilichoandikwa kwa mkono, kilichochakaa au kuguswa na mchwa, nikakitia guniani. Ndivyo nilivyookoa mafaili kumi na moja ya barua za viti. Viti vilivyoagizwa, viti visivyofika, viti vilivyofika vikiwa na miguu mitatu. Barua zote zilikuwa na mihuri, mwanangu, safi kama shuka mpya. Nazo kaunta buku za zahanati, vile vitabu vinene vya jalada gumu, zilizoandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu na mikono iliyochoka, nikazijaza kwenye magunia.

Mzee Munyoki ndiye aliyekuwa akinifungia midomo ya magunia. Siku ya Alhamisi akatoa kaunta buku moja, akaifungua katikati. Nakumbuka mistari iliyopigwa kwa rula, jina la mama, kijiji, siku, na kando yake neno moja, msichana au mvulana.

"Ndinda," akasema, "hiki kina watoto."

"Hao watoto walishakua, mzee."

Akaweka kidole juu ya jina moja. "Walikua wapi? Kitabuni?"

Nikakasirika, kama akasirikavyo mtu aliyeshindwa. Nikamwambia kazi yake ni kufunga magunia, kazi ya kuamua ni yangu. Nilimwambia hivyo mtu wa rika la baba yangu. Akakirudisha kitabu guniani, akafunga.

Ijumaa tuliteketeza, mchana kweupe, kwenye shimo la nyuma ya ofisi. Kabla ya hapo nilitakiwa kuandika orodha ya vinavyoharibiwa. Nilikuwa nimechoka, mikono imejaa vumbi. Nikaandika mstari mmoja: "Vitabu vikuukuu na makaratasi chakavu, magunia tisa." Bwana Musau akatia sahihi, nami nikatia yangu chini. Jumatatu friji zikaingia. Watoto wakachanjwa. Nilisifiwa mbele ya mkutano, na baada ya miaka michache nikafanywa mkuu wa chumba cha mafaili.

Ungeniuliza wakati huo, ningekuambia nimefanya vyema. Na hilo ndilo linalonichanganya mpaka leo, maana sehemu moja nilifanya vyema kweli.

Ilipita miaka minane. Asubuhi moja akaja mzee mmoja mrefu, amevaa kofia ya Kiislamu na msuli, pamoja na binti yake. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mmoja wa wale ambao familia zao zilitoka kaskazini mashariki, wakakaa nasi mpaka wakakizungumza Kikamba chetu. Aliitwa Mzee Adan. Binti aliitwa Habiba, amemaliza kidato cha nne, na chuo cha ualimu kilikuwa kimemwita. Alichokosa ni kitambulisho.

Mzee Adan alifungua mkebe wa maziwa ya unga, akatoa kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye plastiki.

"Mama," akaniambia, "huyu mtoto nimezaa hapa. Hapa hapa, zahanati yetu. Nesi ameandika kitabuni, akaandika namba kwa kadi. Ona. Sasa ofisi ya vitambulisho inasema lete barua, hiyo namba iko kitabuni. Mimi nataka barua tu."

"Wenzako wa shule walipeleka nini?" nikamwuliza Habiba.

"Akina Mwende? Barua ya chifu tu," akasema. Aliongea Kikamba na Kiswahili sawasawa nami. "Walichukuliwa alama za vidole siku hiyohiyo. Mimi waliposoma jina la baba, wakasema nikae kando."

Niliwaambia warudi baada ya siku tatu. Nikatafuta. Nilipanda juu ya rafu, nikafungua hata yale mafaili ya viti. Kisha nikaitoa ile orodha ya kuteketeza, niliyoiandika kwa mkono wangu. Magunia tisa. Vitabu vikuukuu. Vya zahanati gani? Vya miaka ipi? Niliutazama mstari ule kama mgeni anayesoma barua ya mtu mwingine. Je, kitabu cha Habiba kilikuwamo? Au hakikuwahi kuletwa? Au kilipotea njiani? Kweli ya Mungu, mwanangu, sikujua. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa nimelipoteza daftari lenyewe, na habari zake.

Ningewaambia hivyohivyo, kwamba sijui, na kwamba huenda nilikichoma. Lakini kichwani nilisikia sauti nyingi. Nikisema huenda, nitaulizwa kwa nini sijui. Nikisema nilichoma, nitaulizwa kwa ruhusa ya nani. Basi nikaandika barua safi, ya taipu, yenye muhuri: "Ofisi hii haina kumbukumbu ya kitabu kilichotajwa." Kila neno lilikuwa kweli. Nimeichunguza sentensi ile miaka yote hii nikitafuta neno la uongo ndani yake, silioni. Na bado barua nzima ilikuwa uongo.

Mzee Adan aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Hakujua kusoma maandishi yetu. Habiba aliisoma, akaitia mkebeni pamoja na kadi.

Baada ya wiki mbili Mzee Adan akarudi peke yake, bila kadi. Ofisi ya vitambulisho ilikuwa imeisoma barua yangu kwa namna yake. Kama ofisi ya afya haina kumbukumbu ya kitabu, basi kitabu hakikuwapo, na kama kitabu hakikuwapo, namba ya kwenye kadi imetoka wapi? Wakaichukua kadi. Wakamwambia aje na maelezo ya alikoipata, la sivyo atashtakiwa kwa kughushi.

"Mama, umeandika nini?" akaniuliza. Hakupaza sauti. "Mimi nauza mbuzi. Kadi naweza kutengeneza mimi?"

Nikamwambia nitaangalia tena. Nilikuwa nimeshaangalia kila mahali. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na kalamu nayo ni ulimi.

Siku zile nilikuwa mtu asiyejielewa. Nilisali kanisani na maneno hayakutoka. Nikimfikiria Mzee Adan, namwona ana haki. Nikijifikiria mimi, naona nilifuata amri. Nikiufikiria waraka, naona haukueleweka. Nikizifikiria friji, naona zile chanjo. Nilijiuliza mkosaji ni nani hasa, na kila nilipomkaribia mmoja akawa anamnyooshea kidole mwingine. Mwisho nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikafunga safari kwenda Makueni kumtafuta Mzee Munyoki. Alikuwa amestaafu, amerudi kwao karibu na Wote, analima machungwa.

Nilimkuta akipogoa. Nikamsalimu, "Wimuseo, mzee," akanitazama usoni, akaliweka panga chini bila kuitikia salamu kwanza.

"Ni wale watoto," akasema.

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jina la zahanati. Nilipolitaja, akatikisa kichwa.

"Hivyo vitabu nilivileta mimi, kwa baiskeli. Vitatu. Mvua ilininyeshea pale mtoni, nikavifunika kwa koti langu. Nilifika nimelowa, na wewe ulikuwa bado hujaajiriwa. Vilikuwa gunia la pili au la tatu. Niliona jalada."

"Una hakika?"

"Ndinda, mimi nilivibeba."

Nikaanza kulia. Nikamwambia sikujua. Nikamwambia niliamriwa, nikapewa siku nne, kila mtu akasema lake. Aliniacha nimalize.

"Hayo ni kweli," akasema. "Ulipochoma vitabu hukujua, na hakuna aliyekufundisha. Hilo hata mimi naweza kukutetea. Lakini hii barua uliiandika ukijua kuna jambo. Huyo mzee sasa anaitwa mwongo kwa sababu wewe uliogopa kuitwa mzembe. Hapo nikutetee vipi?"

Mkewe akatuletea uji, tukanywa. Kisha yeye mwenyewe, na mgongo ule, akasema tutaondoka wote asubuhi.

Tulianzia kwa Bwana Musau. Nikamwonyesha barua mpya niliyotaka kuipeleka, isemayo kwamba kitabu kilikuwapo, kilifika ofisini, na mimi Ndinda nilikiteketeza pamoja na vingine, bila kuandika majina yake. Aliisoma akaivua miwani.

"Unajua utapoteza kazi?"

"Sijui, Bwana. Huenda."

"Na sahihi yangu iko kwenye ile orodha."

"Iko."

Nilidhani atairarua. Badala yake akasema, "Mimi sikusoma hata ulichoandika. Nilitia sahihi tu." Aliigonga muhuri karatasi ile yeye mwenyewe, akatoka nje. Mpaka leo sijui kama alifanya vile kwa ujasiri au kwa kuchoka.

Kwenye ofisi ya vitambulisho, ofisa kijana aliziweka barua zangu mbili mezani, moja kando ya nyingine. Muhuri mmoja, sahihi moja.

"Sasa mama, mimi niamini ipi?"

"Hii ya pili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ile ya kwanza ilinisaidia mimi, na hii inanidhuru."

Akajikuna kichwa. Akamwuliza Mzee Munyoki maswali mengi, kuhusu mto, kuhusu koti, kuhusu rangi ya jalada. Akaandika yote. Akasema atapeleka kwa wakubwa. Tukatoka.

Habari za mashtaka zikaisha kimyakimya. Kadi ilirudishwa baada ya mwezi. Kitambulisho kilikuja baada ya misimu miwili ya mvua kupita, na wakati huo chuo kilikuwa kimemchukua mwingine. Je, ni barua yangu iliyofungua njia, au ni ofisa aliyechoka na faili lile, au ni amri nyingine kabisa iliyotoka juu? Hakuna aliyeniambia. Mimi niliandikiwa onyo na kuhamishiwa stoo ya majembe na mabomba, nikakaa huko miaka sita. Habiba hakuwa mwalimu. Ana duka la dawa za mifugo Kyuso, na tukikutana ananisalimu vizuri. Ananisalimu tu, hazidishi neno. Sijawahi kumwuliza kama amenisamehe. Sina haki ya kuuliza.

Baba yake ndiye aliyesema neno. Siku niliyompa nakala ya barua ya pili, alimwomba binti yake aisome kwa sauti, mara mbili. Kisha akaniambia, "Mama, mimi nilianza kujishuku. Nalala najiuliza, kweli nesi aliandika? Kweli ilikuwa siku hiyo? Karatasi inasema hapana, nikafikiri labda kichwa yangu ndiyo imeharibika. Sasa najua kitabu kilikuwa." Hakusema asante, wala hakupaswa kusema. Akachukua nakala, akaikunja, akaondoka na mwanawe.

Mwanangu, siku hizi nyinyi mnakaa mbele ya kompyuta katika ofisi za kaunti, mnapiga picha makaratasi, mnaambiwa mfute yasiyo na kazi ili nafasi ipatikane. Nafasi itapatikana, na itahitajika kweli. Sikuambii usifute. Ofisi inayoweka kila kitu nayo haioni kitu. Nakuambia hivi: usiipime karatasi kwa usafi wake wala kwa ukubwa wa muhuri. Jiulize ni nani atakayekuja kuitafuta, na atakuwa taabani kiasi gani siku hiyo. Ofisi haihitaji kitabu ili ijue ipo. Mnyonge ndiye anayekihitaji, hasa yule ambaye jina lake huambiwa likae kando.

Na ukilazimika kuharibu, andika unachoharibu, jina kwa jina, na aliyeamua, na kwa nini. Usiandike magunia. Mtu akija baadaye aambiwe ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba umekosea. Mficha uchi hazai. Ukisema "nilikichoma mimi," utaumia wewe. Ukisema "hakipo," utamuumiza mtu ambaye humjui, na barua yako itaendelea kumuumiza hata ukiwa umelala.

Na ukichanganyikiwa, kwa maana utachanganyikiwa, usione haya. Mimi ni mzee na bado sijaijua thamani ya kudumu ni nini hasa. Lakini kuchanganyikiwa si ruhusa ya kuharakisha. Omba siku moja zaidi. Wakikunyima, liandike pia hilo, kwamba ulinyimwa. Na yule mtu mdogo wa ofisini anayekuambia jambo usilolielewa, usimkatize. Mkalishe, umwulize mara ya pili.

Nenda kazini kwako, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi wa kuandika na mzito wa kufuta. Akupe mkubwa wa kazi anayesoma kabla ya kutia sahihi. Mvua za Ukambani zikukute umeshapanda, na siku ukiitwa kujibu, jina lako liitwe na wewe uweze kuitika.